Siku ya Heri ya Mwezi wa Tano

Mifupa ya mzee Tokuji Obonai, iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, ilikuwa imekaa kwenye mtungi mweupe kwa wiki tatu Fumie, mkwe wake, alipomsikia mzee mwenyewe anasaga wino.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya usiku wa manane. Ilikuwa saa sita mchana. Ila mchana wa Januari katika mji ule si mchana wa kujivunia: theluji imepanda hadi madirishani, mbao zimepigiliwa nje ili vioo visipasuke, na ndani mtu huwasha taa ili ajue anakula nini. Fumie alikuwa jikoni anakata figili. Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti aliyoijua kuliko sauti ya marehemu mumewe: shii, shii, shii, kipande cha wino kikizungushwa juu ya jiwe, taratibu, bila haraka.

Akaweka kisu chini. Sauti haikukoma. Bado alikuwa amesimama hapo, mikono imelowa, mlango wa nyuma ulipofunguliwa akaingia jirani, Bibi Kane, na bakuli la kachumbari kifuani na theluji kwenye kilemba.

"Mzee yuko kazini leo, eh?" akasema kikongwe, akivua viatu. "Afadhali. Mwambie nina bahasha ya harusi ya mjukuu wangu. Aandike vizuri, asije akanidharau kwa sababu sina pesa."

"Bibi Kane," Fumie akasema polepole. "Mzee amefariki. Ulilia hapa hapa, ukalowesha mito yangu."

Kikongwe akamtazama. Masikio yake hayakuwa yakisikia hata king'ora cha zimamoto.

"Najua amefariki. Kwani nimesema hajafariki? Nimesema yuko kazini." Akaweka bakuli mezani. "Siku arobaini na tisa hawajaenda popote hao. Wanamalizia viporo vyao. Kaangalie anataka nini, mwanangu, usikae umenitolea macho mimi."

Sauti ilikoma Fumie alipogusa mlango. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha: meza fupi, mto wa kukalia, brashi zikining'inia kwa ukubwa wake. Lakini jiwe la wino, aliloliosha kwa mikono yake siku ya tatu ya msiba, lilikuwa na maji meusi. Brashi ndogo ilikuwa imelazwa kando, ncha yake imechongwa kwa mate, kama mzee alivyozoea kuipitisha midomoni. Fumie akaigusa. Ilikuwa na uvuguvugu.

Na droo ya meza, ambayo siku zote hukwama, ilikuwa wazi kiasi cha kidole. Ndani mlikuwa na bahasha isiyogundishwa, na juu yake neno moja tu: Wosia.

Mji mzima ulikuwa ukiandikiwa na mzee Tokuji. Kadi za harusi, ubao wa duka jipya, jina la mtoto la kubandikwa ukutani siku ya saba, jina la maiti la kubandikwa mlangoni. Mkono wake ulisifiwa hata na kasisi wa hekaluni, ambaye hakuwa mtu wa kusifu chochote kisichokuwa chake. Herufi zilizokuwa kwenye karatasi ile zilikuwa zake bila shaka yoyote, nzito chini, nyepesi juu, hakuna hata moja iliyotetemeka.

"Nyumba hii na kiwanja chake namwachia Fumie, mke wa marehemu mwanangu Shinya. Ameniosha, amenilisha, hajaninung'unikia mbele yangu. Masaru na Kinuko wana nyumba zao. Wagawane kilichomo benki, wasimsumbue." Jina lake. Mhuri wake mwekundu. Mwaka wa nne wa enzi ya mfalme wa sasa, mwezi wa tano, siku ya heri.

Fumie alikaa kwenye ule mto akalia kama mtoto. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mumewe alikufa kabla hawajapata mtoto, na kwa miaka kumi na saba baada ya hapo alibaki na baba mkwe, kwa sababu hakuna aliyemwambia aende na hakuna mwingine aliyejitolea kukaa. Hospitalini kila mara muuguzi alimuuliza, "Na wewe ni nani wake?" na kila mara alijibu "mkwe," na muuguzi akauliza kama hakuna mtoto wa kutia sahihi. Mke wa mtoto aliyekufa si mrithi wa mtu, hilo alilijua. Sasa kwa mara ya kwanza karatasi ilikuwa imemtaja jina.

"Asante, Baba," akaiambia meza.

*

Bwana Nemoto, mwandishi wa hati za kisheria, alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa. Alivaa glavu nyeupe kabla ya kuishika karatasi.

"Mkono gani huu!" akasema. "Ungekuwa wangu ningeutia fremu." Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikifurahia, mpaka mstari wa mwisho. Hapo kikasimama. Akavua miwani. "Ah, Mzee. Mzee, Mzee."

"Kuna nini?"

"Siku."

"Siku gani?"

"Ndilo swali langu hilo hilo. Siku gani?" Akaigeuza karatasi imwelekee. "Siku ya heri ni ya kadi ya harusi, dada yangu. Ni ya ubao wa duka. Huko haiwi adabu kuandika tarehe kama mtu anayeandika risiti. Lakini sheria haiijui siku ya heri. Wosia wa mkono unataka mwaka, mwezi na siku. Mwezi wa tano una siku thelathini na moja. Aliandika ipi?"

"Iliyokuwa na heri."

"Kwenye kalenda ya mwezi ule zilikuwa tano."

Fumie akacheka kidogo, kwa hofu. "Kwa hiyo ni mojawapo ya hizo tano. Si inatosha?"

"Haitoshi. Watu wameshakwenda na wosia wa namna hii mpaka mahakama ya juu, wakarudi mikono mitupu." Nemoto alikuwa na hasira sasa, ya mtu aliyeiona ajali kabla haijatokea. "Nilimwambia! Kwenye kiti hicho hicho. Mzee, nikamwambia, twende kwa mthibitishaji wa hati, asubuhi moja tu, mashahidi wawili, karatasi inabaki kwake, hakuna wa kuitikisa. Unajua alinijibu nini? 'Katika mji huu, nani anaandika kunishinda mimi?'"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miaka sitini mji ulimsifu Tokuji kwa herufi zake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba herufi nzuri na hati nzuri ni vitu viwili.

"Sasa nifanye nini?"

"Ipeleke mahakama ya familia kama ilivyo. Kuna fidia ya mkwe aliyeuguza, tutaiomba. Lakini hiyo ni pesa kidogo, haina paa. Ukitaka nyumba, njia ni moja: shemeji zako. Wakikubali wenyewe kwa hiari, wakagonga mihuri kwamba wanaliheshimu neno la baba yao, nyumba ni yako na hakuna wa kuwazuia." Akaikunja karatasi, akaishikilia kabla ya kuiachia. "Na usiongeze kitu. Hata nukta. Najua unaweza kuandika kama yeye. Mji wote unajua. Ukiongeza umeghushi, na mwenye kughushi hapati hata huruma."

"Mimi siwezi kufanya hivyo."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia sasa, ungali huwezi."

*

Alianza na wifi yake, Kinuko, aliyeolewa kusini.

"Wifi, mimi sina neno," Kinuko akasema kwenye simu, na nyuma yake televisheni ikicheka. "Neno ni la Kaka. Mimi ni mtu wa kuolewa, nitasema nini? Lakini nitamwambia. Halafu wifi, zile kimono za Mama kabatini, unaziangalia? Zisije zikaingia unyevu. Au zikatoka tu, unajua mambo ya msiba, watu wengi."

"Hazijatoka, wifi. Nimeziwekea dawa ya nondo."

"Sijasema wewe!"

Kesho yake Masaru mwenyewe alipiga simu. Alikuwa na duka la vifaa vya umeme Sendai, na alizungumza na kila mtu kama mteja aliyerudisha kitu kibovu.

"Shemeji, tusivunjiane heshima. Tarehe hakuna, wosia hakuna. Theluji ikiyeyuka dalali atakuja kuangalia kiwanja. Nyumba itabomolewa, imeshachakaa. Wewe bado una nguvu, utapata chumba."

"Ni neno la Baba, shemeji. Aliandika mwenyewe."

"Nani alimwona akiandika?"

Fumie akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Haya. Maana watu wa huko wananiambia miaka hii miwili ya mwisho hata bahasha zake uliziandika wewe. Watu wanalipia mkono wa Baba, wanapewa mkono wako."

"Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Aliniomba mwenyewe. Aliona aibu."

"Ndiyo hayo ninayosema. Tutaonana siku ya arobaini na tisa. Na hiyo karatasi usinionyeshe, sitaki kugombana mbele ya kasisi."

Fumie akarudisha simu mahali pake. Kilichomuuma si nyumba tena, bali ile kusema kwamba aliwaibia wateja. Aliandika bahasha zile akiwa amepiga magoti, mzee akiwa nyuma yake anapumua, akimwambia "hapo bonyeza, hapo achia," mpaka wakawa watu wawili wenye mkono mmoja.

Na kila siku saa sita, chumba cha nyuma kilisaga wino. Alijaribu kuwasha redio. Alijaribu kwenda kwa Bibi Kane saa hiyo, na aliporudi alikuta jiwe limelowa na brashi ina ncha. Alilificha jiwe kabatini. Kesho yake likawa mezani. Sauti ilikuwa inabadilika pia. Mwanzoni ilikuwa ya mtu mtulivu. Kadiri siku zilivyokwenda ilizidi kukazana, shii-shii-shii, kama mfanyakazi aliyesikia kwamba kazi yake imerudishwa. Wali aliomwekea kwenye madhabahu ya nyumbani kila asubuhi ulikuwa ukikauka katikati tu, shimo dogo la ukubwa wa ncha ya kijiti cha kulia chakula, na pembeni ukibaki laini.

Fumie hakumwogopa. Aliyemwogesha mtu miaka mingi hivyo hawezi kumwogopa. Alichoogopa ni kwamba mzee naye alikuwa anajua.

*

Siku ya arobaini na nane ilikuwa tarehe kumi na nane ya Februari. Kesho kasisi angekuja, ndugu wangekuja, mtungi ungepelekwa kaburini, na mzee, kwa imani ya watu wa pale, angeondoka moja kwa moja. Karatasi Fumie hakuwa ameipeleka mahakamani. Kila siku alisema kesho.

Asubuhi aliitoa, akaitandaza juu ya meza fupi, akaweka vizito vya shaba pembeni. Akamimina maji kwenye jiwe. Akaweka kipande cha wino, brashi ndogo, na mhuri wa mzee pamoja na kijaluba chake cha rangi nyekundu. Mkono wake wa kulia ulikaa karibu na brashi muda mrefu. Angeweza. Namba moja, ya tano au ya kumi na moja, na hata mzee mwenyewe asingeitofautisha. Tuseme kweli: wengi wetu tungeandika, tukala chakula cha mchana na kulala usingizi.

Akarudisha mkono mapajani.

"Baba," akasema, "umeharibu. Sijawahi kukuambia hivi, lakini umeharibu. Umeandikia watu wote vizuri, mimi ukaniandikia kadi ya harusi. Siku haipo. Wanasema ni karatasi tu. Mimi siwezi kuiandika, si mkono wangu. Wewe unaweza. Iandike siku, Baba, basi. Mwaka, mwezi, siku, kama wanavyotaka wao. Halafu uende zako salama."

Kuacha karatasi mezani si kughushi, alijiambia. Akavaa koti na buti, akachukua koleo, akatoka kuondoa theluji mlangoni ili wageni wa kesho wapate pa kupita.

Saa sita ilipofika alikuwa upande wa nyuma, nje ya ukuta wa chumba kile. Alisikia kupitia mbao. Ilisaga kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kipya. Siku zote hizo mzee alisaga tu. Hakuwahi kufika kwenye kuandika. Fumie alisimama na koleo mkononi, akisikiliza ukuta, na baada ya kitambo akausikia ule mgongano mdogo wa mhuri ukibanwa juu ya meza. Mara moja. Mara ya pili.

Alikimbia ndani na buti miguuni, kitu ambacho katika nyumba ile hakikuwahi kufanyika.

Karatasi ilikuwa mahali pake. Maneno ya tarehe ya zamani, mwaka, mwezi na siku ya heri, yalikuwa yamepigwa mistari miwili iliyonyooka, kama hati inavyosahihishwa, na mhuri umegongwa juu yake. Pembeni, kwa herufi ndogo, mzee alikuwa ameeleza kwamba maneno hayo yamefutwa na mengine kuwekwa, akatia sahihi, akagonga mhuri wa pili. Kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa utaratibu. Na tarehe ilikuwepo sasa: mwaka, mwezi na siku, kamili, bila kasoro, kwa mkono ule ule mzito chini na mwepesi juu.

Mwaka wa saba, mwezi wa pili, siku ya kumi na nane.

Alikuwa ameandika tarehe ya leo.

Fumie aliisoma mara tatu. Tokuji Obonai hakuwa mtu wa kudanganya. Aliambiwa aandike siku, akaandika siku ambayo kweli aliandika, kama mtu mwaminifu yeyote. Ulikuwa wosia ulioandikwa na mtu aliyekwisha kufa siku arobaini na nane, na haukuwa na kosa jingine lolote. Fumie alipitisha kidole kwenye ile namba, kama mtu anayetaka kuamini kwamba ni kivuli.

"Baba," akanong'ona, "umefanya nini?"

Chumba kilikuwa chumba tu, chenye baridi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Fumie alijua hakuna mtu ndani yake isipokuwa yeye.

*

Mlango wa mbele ukafunguliwa.

"Hodi! Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Masaru, na miguu yake ikigonga theluji kwenye kizingiti. "Nimetangulia. Treni za kesho hazina uhakika."

Alikuwa ameshavua viatu na kufika kwenye mlango wa chumba cha nyuma kabla Fumie hajapata pa kuiweka karatasi. Akaishika nyuma ya mgongo. Masaru hakuangalia mikono yake. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala kwenye treni. Akapiga magoti pale pale mlangoni, akainamisha kichwa mpaka mkeka.

"Nisamehe, shemeji. Nilisema maneno mabaya kwenye simu."

"Inuka, shemeji, usifanye hivyo."

"Ngoja nimalize, nisipomaliza sasa sitamaliza." Akatoa kadi iliyopauka mfukoni. "Jana nilifungua sanduku la vitu vya harusi yangu. Hii aliandika Baba. Tazama mwisho: siku ya heri. Nikaenda dukani, nikaangalia ubao aliotuchorea tulipofungua. Siku ya heri. Nikampigia Kinuko, naye anavyo viwili, hivyo hivyo. Shemeji, maisha yangu yote sijawahi kumwona Baba akiandika tarehe."

Fumie aliibana karatasi zaidi nyuma ya mgongo.

"Nikawaza, huyu mtu ninamwita mwongo. Mwongo angetia tarehe! Mwongo angekwenda kuuliza sheria inataka nini, akaandika hivyo hivyo. Ni Baba peke yake duniani anayeweza kuandika wosia kama kadi ya harusi." Akacheka, na machozi yakamtoka wakati huo huo, akayafuta kwa kiganja bila aibu. "Basi nimekuja na mhuri wangu. Kinuko amesema nikigonga naye atagonga. Sitaki kusikia ya wakili. Nataka niione tu hiyo siku ya heri kwa macho yangu, kwenye mkono wa Baba, halafu nyumba ni yako na tusizungumze tena."

Akanyoosha mikono miwili mbele, kwa heshima, kama mtu anayepokea cheti.

Fumie alijaribu kurudi nyuma, lakini nyuma yake palikuwa na meza. Mkono wake wa kulia ukatoka peke yake kujishikilia kwenye nguzo, na Masaru akautazama. Uso wake haukubadilika upesi. Ulibadilika polepole, kuanzia midomoni.

"Shemeji," akasema, "huo wino kidoleni mwako mbona bado mbichi?"